cp, tar, rsync au restic: ipi ikutunzie kazi zako?

Bagamoyo watu wanarekodi. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, hurekodi ngoma na maigizo yao, vikundi vya mitaani hurekodi mazoezi, wapiga picha hurudi nyumbani na kadi zilizojaa harusi na wageni waliotembelea magofu ya Kaole, na ofisi ndogondogo zimehamisha hesabu zao kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imekaa kwenye diski moja tu, tena diski yenyewe iko hatua chache kutoka baharini, ambako unyevu na chumvi haviachi kifaa salama. Mzee aliyerekodiwa akipiga msondo, kisha akafariki, harekodiwi mara ya pili. Kwa hiyo suala la nakala nalichukulia kwa uzito wote.

Mtu anayeweza kufungua terminali na kuandika amri tayari ana zana nzuri, tena za bure. Kinachomkwamisha ni kuchagua. Hapa naweka nne kando kwa kando: cp, tar, rsync na restic. Walio kwenye Windows nitawagusia robocopy, amri ya kunakili ya Windows, kila inapofanana na rsync, maana kompyuta nyingi za ofisini ni za Windows na robocopy imo ndani yake tangu enzi ya Vista, bila kupakua chochote.

Vya kuuliza kabla ya kuchagua

Watu wengi huanza na kasi. Mimi naiweka mwisho, kwa sababu diski ya nje ya USB ndiyo inayoamua kasi kuliko programu. Maswali yenye uzito ni haya: mara ya pili na ya kumi zana itafanya kazi kiasi gani? Umeme au mtandao ukikatika katikati, utabaki na nini? Ukifuta faili leo ukagundua mwezi ujao, utalipata? Siku ya kurudisha, utahitaji nini mkononi? Na kama nakala inapita mtandaoni au ina siri za watu, nani anaweza kuisoma?

Chini ya maswali hayo kuna hasara za aina tatu. Diski inaweza kufa au kuibwa. Mkono wako mwenyewe unaweza kufuta au kuandika juu ya faili. Kazi ya kunakili inaweza kukatika njiani ikaacha vipande. Kila moja ya zana hizi ina hasara inayoikinga vizuri na nyingine ambayo haiigusi kabisa, na hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Zana zenyewe

cp ipo tangu toleo la kwanza la Unix, mfumo ambao Linux iliuiga, mwaka 1971. Inachukua faili hapa inaliweka pale:

cp -a ~/Kazi /media/diski/

Hiyo -a inalinda tarehe, ruhusa na viungo vya mafaili. Ukitumia -r peke yake, picha zote zitapata tarehe ya leo, na kwa mpiga picha huo ni usumbufu mkubwa.

tar ilikuja na toleo la saba la Unix, 1979, kwa ajili ya kanda za sumaku. Inakusanya folda nzima na kuifanya faili moja:

tar -cf /media/diski/kazi-2025-03-08.tar ~/Kazi

rsync ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia. Inalinganisha pande mbili na kupeleka kilichobadilika tu:

rsync -av ~/Kazi/ /media/diski/Kazi/

restic ndiyo changa kuliko zote. Haiachi folda unayoweza kuifungua. Inatengeneza hazina yake, na kila unapoiendesha inaongeza toleo jipya lenye tarehe:

restic -r /media/diski/hazina init
restic -r /media/diski/hazina backup ~/Kazi

Inafanya kazi Linux, Windows na Mac. Borg ni ndugu yake wa karibu kwa namna inavyofanya kazi, na anayeipenda anaweza kusoma mengi ninayosema kuhusu restic akiwa na Borg akilini, ingawa si yote.

Mara ya pili na kuendelea

Nakala ya kwanza haitofautishi chochote. Ukiwa na gigabaiti 300 za video, zote nne zitasoma gigabaiti 300 na kuziandika upande wa pili. Nenda kalale.

Mara ya pili cp inaanza upya, kila kitu. tar nayo hivyo hivyo: kila wiki unapata faili jipya lenye ukubwa uleule, na diski inajaa. tar ina njia ya kuhifadhi mabadiliko tu (--listed-incremental), lakini siku ya kurudisha lazima uanze na faili la kwanza, kisha yanayofuata kwa mpangilio, na kimoja kikiharibika mnyororo umekatika. Kwa mtu mwenye kazi nyingine za kufanya, simshauri.

rsync inatazama ukubwa wa faili na tarehe ya mwisho kubadilishwa. Vikilingana, inapita. Folda ya mafaili elfu kadhaa ambayo ni kumi tu yamebadilika inamalizika haraka sana. Sifa yake kubwa ya kutuma vipande tu vya faili lililobadilika hufanya kazi kupitia mtandao. Ndani ya kompyuta moja, au kwenda kwenye diski ya USB, inanakili faili zima, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi.

Kuna jambo moja linalowahusu wapiga picha hasa. Ukibadilisha jina la folda kutoka "Harusi" kuwa "Harusi Februari", rsync inaona folda mpya kabisa na kunakili yote tena. restic hukata mafaili vipande na kuhifadhi kila kipande mara moja tu, popote kitakapoonekana. Badilisha jina, hamisha, weka nakala tatu za video ileile: hazina haiongezeki ila kidogo. Kwa mtu anayepanga na kupangua folda zake kila mwezi, hilo ni punguzo kubwa la nafasi.

Umeme ukikatika katikati

Hapa ndipo cp inapokuwa na hatari ambayo wengi hawaijui. Ikikatwa ikiwa katikati ya faili, kule upande wa pili linabaki faili nusu, lenye jina kamili. Ukilitazama kwenye orodha, lipo. Mtu anarudi, anaona hataki kuanza upya, anaandika cp -au ili inakili vipya tu. Chaguo la -u linatazama tarehe. Lile faili nusu liliandikwa leo, la asili ni la mwezi uliopita, kwa hiyo cp inaona la upande wa pili ni jipya zaidi na inaliruka. Faili bovu linabaki kama nakala yako, na hutajua hadi siku utakapolihitaji. Baada ya cp kukatika, tafuta faili la mwisho lililokuwa likinakiliwa ulifute, au maliza kazi kwa rsync.

rsync haiingii kwenye mtego huo. Inaandika kwanza kwenye faili la muda lenye jina lililofichwa, na likikamilika ndipo inalipa jina lake halisi. Umeme ukienda, kinachobaki ni hilo la muda. Endesha amri ileile tena na itaendelea na mafaili yaliyosalia. Kwa faili kubwa linalopita mtandaoni ongeza -P, ambayo inaonyesha maendeleo na kutunza kipande kilichokwisha kufika pale muunganisho unapokatika. robocopy ina /Z kwa kazi ya namna hiyo, lakini punguza majaribio yake: bila kuambiwa, inajaribu faili lililokataa mara 1,000,000 na kungoja sekunde 30 kila jaribio. Ukilala ukiamini inafanya kazi, asubuhi utaikuta imesimama kwenye faili moja.

robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E /Z /R:3 /W:5

tar ikikatika, faili lote si la kutegemea. Futa uanze upya. restic ikikatika, endesha tena: vipande ambavyo hazina ilishavisajili havipelekwi mara ya pili, na toleo halihesabiki kuwa lipo mpaka limekamilika.

Halafu kuna haraka ya kuchomoa diski. Amri ikishamalizika, data nyingine inaweza kuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haijafika kwenye flashi. Andika sync, subiri alama ya amri irudi, kisha toa diski kwa utaratibu.

Ukikosea leo, ukagundua mwezi ujao

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nakala nyingi zinaposhindwa zikiwa zimefanya kazi yake sawasawa.

rsync ikipewa --delete inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza. robocopy hufanya hivyo kwa /MIR. Inapendeza, maana diski haijai takataka. Lakini ukifuta kwa bahati mbaya folda ya rekodi za mazoezi siku ya Jumatatu, na rsync yenye --delete ikapita usiku, Jumanne folda hiyo haipo popote. Hata bila --delete, faili uliloliharibu na kulihifadhi litaandikwa juu ya lile zima. Nakala ya namna hiyo inakukinga dhidi ya diski kufa. Dhidi ya mkono wako haikukingi.

cp ina tabia hiyohiyo ya kuandika juu, ingawa yenyewe haifuti kilichozidi. tar, kwa uzito wake wote, iko salama hapa: faili la tarehe 8 Machi halibadilishwi na makosa ya tarehe 9. Ukiwa na mafaili ya tar ya miezi sita, una miezi sita ya kurudi nyuma.

restic imeundwa kwa ajili ya swali hili. Unaorodhesha matoleo kwa amri ya snapshots, unachagua siku, unarudisha folda moja au faili moja. Ya zamani unayapunguza kwa kanuni unayoiweka mwenyewe:

restic -r /media/diski/hazina forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

rsync nayo inaweza kupewa kumbukumbu, na wengi hawajui. Ukitumia --link-dest, kila mzunguko unapata folda yake yenye tarehe, na mafaili ambayo hayakubadilika yanaunganishwa na yale ya folda iliyopita bila kuchukua nafasi mpya:

rsync -a --link-dest=/media/diski/2025-03-01 ~/Kazi/ /media/diski/2025-03-08/

Kila folda inaonekana kamili, inafunguka bila programu yoyote. Mpango huu naupenda sana. Masharti yake ni mawili: diski iwe na mfumo wa mafaili wa ext4 (wa Linux) au mwingine unaokubali viungo vya namna hiyo, kwa hiyo FAT32 na exFAT, mifumo ya kawaida ya flashi, hazifai, na usihariri mafaili ukiwa ndani ya nakala, kwa sababu faili moja linaweza kuwa ndilo hilohilo kwenye folda zote.

Alama ya mkwaju (/) nayo ina kesi yake. Kwenye rsync, ~/Kazi/ ina maana ya vilivyomo ndani ya Kazi, na ~/Kazi ina maana ya folda yenyewe. Ukichanganya na --delete, unaweza kufuta nakala nzima kwa amri moja. Kabla ya --delete yoyote endesha kwanza na -n, usome orodha ya inachotaka kufanya. Kwa robocopy ni /L. Haigharimu chochote.

Siku ya kurudisha

cp na rsync zina nguvu moja isiyopitwa: nakala ni mafaili ya kawaida. Chomeka diski kwenye kompyuta ya jirani, fungua, chukua. Tazama tu mfumo wa diski, kwa sababu Windows haisomi ext4 yenyewe. Diski inayozunguka kwenye mashine tofauti ni bora iwe exFAT, na hapo rsync iandikwe -rtv badala ya -av, maana exFAT haihifadhi umiliki na ruhusa za Unix na utapata maonyo mengi yasiyo na faida.

tar inafunguka karibu kila mahali. Windows 10 imekuwa nayo tangu 2018. Faida yake ni kwamba ruhusa na majina vinasafiri ndani ya faili, hata kama diski yenyewe haivijui. Kasoro yake ni ukubwa. Flashi nyingi za kawaida ni FAT32, ambayo haipokei faili la kufikia gigabaiti 4, na saa moja ya video ya 4K kutoka kwenye simu huzidi gigabaiti 10 kwa urahisi. Usiongeze z ya kubana kwa video, picha za JPEG au MP3: zimeshabanwa, utapoteza muda bila kupata nafasi. Tena faili la tar.gz likiharibika katikati, yanayofuata baada ya hapo ni vigumu sana kuyaokoa, wakati tar isiyobanwa inaweza kuruka sehemu mbovu na kuendelea.

restic inadai vitu viwili: programu yenyewe na nywila. Programu ni faili moja, iweke kwenye diski hiyohiyo. Nywila ikipotea, data imepotea, na hakuna fundi wa kuifungua. Iandike kwenye karatasi, aitunze mtu wa pili unayemwamini. Kikundi ambacho nywila inajulikana na mtu mmoja tu bado hakina nakala.

Mtandao na siri

tar na cp hazina la kusema sana hapa. rsync hupita kwenye ssh, njia iliyofungwa kwa siri kati ya kompyuta mbili, na ina --bwlimit ya kuzuia isimalize kasi yote ya ofisi. restic ina --limit-upload, na inaweza kupeleka moja kwa moja kwenye hifadhi za kukodi mtandaoni. Tofauti ni hii: rsync inalinda safari tu, ikifika mafaili yako wazi kwa mwenye seva. restic inayafunga kabla hayajatoka kwenye kompyuta yako. Shule, zahanati au kikundi cha kukopeshana kinachotunza majina na hali za watu kinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na diski iliyo wazi ikiibwa ni tatizo la watu wengi.

Kwa video, bando la simu halifai kwa gigabaiti mia. Na hata mwenye mtandao mzuri akumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchini kote. Nakala iliyoko ng'ambo peke yake haikupatikana kirahisi siku hizo. Weka moja karibu.

Nani achukue ipi

Umerudi na kadi ya kamera na unataka kuitoa kwenye kompyuta mara moja: cp -a inatosha, mradi uitazame mpaka imalize. Ikikatika, usiende kwenye -u. Hamia rsync.

Una diski moja ya nje, folda moja ya kazi inayokua kila siku, na unataka mtu yeyote nyumbani aweze kuifungua siku haupo: rsync bila --delete, au robocopy yenye /E kama uko Windows. Diski ikiwa ext4 na unahariri sana, ongeza --link-dest.

Umemaliza mradi, mfano rekodi za tamasha zima au thesis iliyokwisha kupitishwa, na haitaguswa tena: tar isiyobanwa, pamoja na faili dogo la sha256sum (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) pembeni yake ili miaka ijayo uweze kuthibitisha kwamba haijaharibika. Weka kwenye diski mbili, moja ikae Dar au kwa ndugu wa bara, mbali na unyevu wa pwani.

Ofisi yenye taarifa za watu, au kikundi ambacho watu kadhaa hutumia kompyuta moja na makosa hayakosekani: restic, nywila kwa watu wawili, na amri yake ya check, inayokagua hazina, mara moja kwa mwezi. Kazi ya kujifunza mwanzoni ni kubwa kuliko kwa rsync, lakini hapa inalipa.

Studio yenye video nyingi na mtandao mdogo inaweza kugawa: rsync kwa video nzito kwenda kwenye diski mbili zinazobadilishana, restic kwa mafaili ya mradi, hesabu na mikataba, ambayo ni mepesi na hubadilika kila siku. Diski moja kati ya hizo mbili ikae nje ya kompyuta muda wote isipokuwa wakati wa kunakili, maana virusi vinavyofunga mafaili hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa.

Na zana yoyote utakayochukua, chagua folda moja, irudishe kwenye kompyuta nyingine, ucheze video mbili tatu mpaka mwisho wake. Fanya hivyo kabla hujaifuta ile kadi ya kamera.